Glavu za neoprini au glavu kavu?

Anayezamia Kigombe au Raskazone havai glavu kwa sababu ya baridi; maji ya Tanga ni ya nyuzi 25 hadi 29 hivi. Akipata safari ya kuzamia Norway wakati wa baridi, bahari ikiwa nyuzi 5 hivi, vidole ndivyo vitakavyolia kwanza. Mwili ukipoa hubana mishipa ya mikono na miguu ili kulinda moyo na mapafu.

Glavu za neoprini, yaani mpira laini wenye viputo vya gesi, za unene wa milimita 5 huingiza maji kidogo, nawe ukayapasha kwa joto lako. Ni rahisi kuvaa na bei yake inavumilika. Tatizo ni kina: mita 10 chini shinikizo ni maradufu ya juu, viputo vya gesi ndani ya neoprini vinasinyaa, na kinga ya joto inapungua pale pale unapoihitaji.

Glavu kavu hufungwa kwa pete kwenye mikono ya suti kavu, vazi la kuzamia lisiloingiza maji, na ndani unavaa za sufu. Hizi ndizo zenye joto hasa. Ila zikitoboka maji yanamwagika ndani yote, na vidole vinakuwa vizito kushika klipu. Mvuvi wa pweza akitajiwa bei atacheka.

Miguuni sina mjadala: soksi za sufu ndani ya suti kavu, zisibane, maana zikibana damu haifiki vidoleni.

Kwa mzamo mfupi, neoprini inatosha. Ukikaa chini zaidi ya nusu saa, nunua kavu.