Google Scholar kwa mtafiti: wasifu mzuri wa bure, ila usiuache ujiendeshe wenyewe

Kati ya zana zinazohesabu ni mara ngapi kazi ya mtafiti imerejelewa na wenzake, wasifu wa Google Scholar ndio ninaoshauri ufunguliwe kwanza. Ni bure, na unafika kwenye majarida mengi ambayo Scopus na Web of Science, hifadhidata za kulipia za marejeleo, hazijayaingiza. Kwa mtu anayechapisha katika Kiswahili au Mulika, majarida ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hilo si jambo dogo. Tatizo ni kwamba wasifu huu husafishwa kwa mkono, na wengi hawausafishi. Matokeo yake namba mbovu zinafika mpaka kwenye kamati ya kupandisha vyeo.

Kuufungua huchukua dakika chache. Ingia kwa akaunti ya Google, andika jina kama linavyosomeka kwenye makala zako, kisha weka baruapepe ya chuo au taasisi. Utatumiwa kiungo cha kuthibitisha. Usipokibofya, au usipouweka wasifu wazi kwa umma, watu wakikutafuta hawataupata. Baadaye utaulizwa kama makala mpya ziongezwe zenyewe au uletewe kwanza kwa baruapepe uzikague. Chagua kuletewa. Mfumo hubahatisha mwenye makala kwa kuangalia jina, na majina yetu yanafanana mno: M. Juma wa elimu ya udongo hujikuta ana makala za upasuaji wa moyo, na marejeleo yake yote yamehesabiwa kwake. Makala isiyo yako iwekee tiki uifute. Ukikosea, bado utaikuta kwenye pipa la taka na unaweza kuirudisha.

Kosa la upande wa pili huumiza zaidi, nalo ni makala moja kuhesabiwa kama mbili kwa sababu aliyeirejelea alikosea herufi kwenye kichwa au mwaka. Chukua mtafiti mwenye makala nane zilizorejelewa mara 41, 22, 13, 9, 7, 5, 4 na 2. Kipimo cha h, kilichopendekezwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch, ni idadi kubwa kabisa ya makala ambazo kila moja imerejelewa angalau mara idadi hiyohiyo. Hapa makala ya tano ina 7, inatosha. Ya sita ina 5, haifiki 6. Basi h ni 5. Sasa tuseme zile zenye 4 na 2 ni makala moja iliyogawanyika. Ukiziwekea tiki zote mbili, ukabofya kitufe cha kuunganisha na kuchagua maelezo yaliyo sahihi, unapata makala yenye 6, na h inapanda kuwa 6. Jumla imebaki 103 vilevile. Mtafiti hajaandika neno jipya, kilichobadilika ni usafi wa rekodi tu. Baada ya kuunganisha, alama ya nyota inaweza kutokea kando ya namba. Usiifumbie macho: inakuambia kuwa ndani ya hesabu hiyo kuna makala ambazo huenda si ileile, kwa hiyo bofya uzitazame.

Kile kipimo kingine, i10, huhesabu tu makala zilizofikisha marejeleo 10. Kwa mtafiti huyu ni 3, kabla na baada ya kuunganisha.

Udhaifu mkubwa wa Google Scholar ni kutochuja. Slaidi, tasnifu na rasimu zinaweza kuhesabiwa sawa na makala iliyopitiwa na wataalamu, na marejeleo ya mtu kwa kazi zake mwenyewe hayatengwi. Mwaka 2010 Cyril Labbé wa Grenoble, Ufaransa, alimtengeneza mwanasayansi asiyekuwepo, Ike Antkare, akampa makala za kompyuta zisizo na maana zinazorejeleana zenyewe kwa zenyewe, na h yake ikafika 94. Kwa hiyo kamati inayosoma namba hizi inapaswa kufungua orodha ya waliorejelea, si kuishia kwenye jedwali la pembeni. Wala isilinganishe daktari na mwanaisimu kwa h, maana desturi zao za kurejelea ni tofauti kabisa.

Kwenye ushirikiano, Google Scholar haitoshi. Orodha ya waandishi wenza imewekwa na mwenye wasifu mwenyewe, na haisemi wameandika pamoja mara ngapi. Hapo hamia OpenAlex, hifadhidata ya wazi iliyoanza mwaka 2022, ukiitumia pamoja na VOSviewer, programu ya bure ya Chuo Kikuu cha Leiden inayochora ramani ya nani kaandika na nani. Ukichagua ramani ya uandishi wa pamoja, kagua vipimo viwili ilivyojiwekea. Kwanza, mwandishi haingii mpaka awe na makala 5. Kwa mtu mmoja au idara ndogo shusha hadi 1 au 2, la sivyo ramani itabaki tupu. Pili, kuna chaguo la kuziacha makala zenye waandishi zaidi ya 25. Liwashe kama data yako ina makala za miradi mikubwa: ile ya ATLAS na CMS, majaribio mawili ya fizikia ya CERN, ya mwaka 2015 ilikuwa na waandishi 5,154, na makala moja ya namna hiyo huifunika ramani nzima.

Jina lililoandikwa kwa namna tatu litatokea kama watu watatu. Liwekee faili la maandishi lenye safu mbili zilizotenganishwa kwa tabo, ya kwanza (jina la kubadilishwa) ikiwa na kichwa label na ya pili (jina sahihi) replace by, kisha lipakie kabla ya kuchora. Na ukiyachota makala kwa orodha ya DOI, yaani namba za kudumu zinazotambulisha makala mtandaoni, zile zisizo na DOI hazitaingia kabisa. Majarida yetu mengi ya zamani yamo katika kundi hilo, kwa hiyo hesabu zilizoachwa na uandike idadi yake chini ya ramani.