TAHADHARI: Safari ya siku moja ya Olorgesailie na "mashoka ya kale" yanayouzwa njiani

Ndugu zangu, hasa wazazi wa Nairobi mnaopanga kuwapeleka watoto Olorgesailie, eneo la makumbusho lenye zana za mawe za binadamu wa kale, likizo hii, jihadharini na mtu anayetangaza safari ya siku moja katika vikundi vya WhatsApp kwa shilingi 4,500 kila mtu. Tangazo lake linadai kwamba bei hiyo inajumuisha usafiri, kiingilio, chakula cha mchana na "kumbukumbu halisi ya Enzi ya Mawe". Nililipia watu watatu kwa M-Pesa, na fedha zikapokelewa kwa jina la mtu binafsi, jambo ambalo lilipaswa kunishtua papo hapo.

Tulipofika Kiserian, dereva alitutangazia kwamba kiingilio hakimo katika malipo yetu, akataka tumpe fedha taslimu ili atupitishe. Mimi nilikataa, nikalipa mwenyewe langoni na kupewa risiti. Waliompa walilazimika kulipa mara ya pili, kwa sababu hakuwa amewalipia chochote. Chakula kilikuwa mkate na soda.

Hayo ningeyavumilia. Lakini wakati wa kurudi, gari lilisimama kando ya barabara karibu na Oltepesi, ambapo kijana mmoja alikuwa akitusubiri na gunia la mawe, kila jiwe shilingi 1,500. Mwanangu, ambaye asubuhi alikuwa amesimama muda mrefu kwenye njia ya mbao akiyatazama mashoka ya mkono (zana za mawe zilizochongwa) yaliyoachwa palepale yalipogunduliwa na wanaakiolojia Mary na Louis Leakey mwaka 1942, alinisihi nimnunulie, nami nikanunua. Nyumbani tuliliangalia vizuri chini ya taa. Kingo zake zilikuwa nyeupe na zenye makali mapya, na nilipolisugua liliacha unga kiganjani, ilhali yale tuliyoonyeshwa, yaliyochongwa mamia ya maelfu ya miaka iliyopita, yamefifia rangi na kulika kingo. Lile letu halikuwa na hata mwezi mmoja tangu lichongwe.

Na lingekuwa halisi, ningekuwa matatani zaidi, maana Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inalinda vitu vya kale, na mwongoza wageni wa pale alikuwa ametuonya tusiokote hata kipande.

Anayetaka kwenda na aende, kwani mahali penyewe panastahili. Ni takriban kilomita 70 kwa barabara ya Magadi. Tumieni gari la mtu mnayemfahamu, lipeni kiingilio wenyewe kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, dai risiti, na mbebe maji ya kutosha kwa sababu joto la bondeni ni kali. Aliyekwisha kutapeliwa asifute ujumbe wa M-Pesa. Aupeleke kituo cha polisi, kama nilivyofanya.

Nambari niliyolipia haipatikani tena, lakini tangazo lilelile, lenye picha zilezile na nambari mpya, limeanza kusambazwa tena wiki hii.