Sufuria ya kubeba kambini Nyanda za Juu Kusini: ipi ya kwanza, ipi ya kuacha dukani

Watu wakijiandaa kwenda kulala hifadhi ya Kitulo hulipia hema, hununua blanketi, halafu sufuria wanachukua yoyote iliyopo jikoni. Saa tatu usiku maharage bado yanagonga meno. Kinachochelewesha ni mwinuko. Mbeya mjini, kwenye mita kama 1,700, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Kitulo, mita 2,600, ni kama nyuzi 91, na hata ukirundika kuni hayapandi zaidi. Kwa hiyo unatafuta chombo cha kukaa motoni saa nyingi bila kuunguza, chenye mfuniko uliotulia. Nimepanga kwa kigezo hicho, nikiwa na makande akilini.

1. Sufuria nene ya aluminiamu, ya kiwandani. Ukiwa sokoni Mwanjelwa, Mbeya, usidanganywe na mng'ao. Bana ukingo kwa vidole gumba, ukibonyea, irudishe. Zungusha mfuniko duara zima: ukicheza, mvuke utatoroka na usiku kucha utakuwa mtu wa kuongeza maji. Chukua saizi moja juu ya ile mnayotumia nyumbani, kwa sababu mahindi na maharage huvimba, na mafiga hayana swichi ya kupunguzia moto. Kabla ya kubandika, ipake kwa nje majivu yaliyokorogwa na maji, hasa kama kuni ni za msindano: utomvu wake huacha masizi yanayong'ang'ania. Ukipata kuni za muwati, shukuru, makaa yake yanadumu. Mchuzi wa nyanya au ndimu usiulaze humo hadi asubuhi.

Usiichanganye na zile nzito zinazomiminwa mtaani kwa vyuma chakavu. Unene unavutia na bei pia, lakini sufuria za aina hiyo zilipopimwa Kameruni zilikutwa zikitoa madini ya risasi, na anayekuuzia hajui kilichoyeyushwa kilikuwa kitu gani. Mimi siinunui.

2. Chungu cha chuma cha miguu mitatu. Kwa upishi wenyewe kinaishinda sufuria: hakihitaji mafiga, kinagawa joto taratibu, na mfuniko wake unabeba makaa juu ukitaka kuoka. Shida ni uzito. Gari likifika hadi kambini, nunua hiki na usiangalie nyuma; kupanda nacho Mlima Rungwe mgongoni ni adhabu. Ukishakiosha kikaushe motoni na ukipake mafuta ya kula, la sivyo umande wa usiku mmoja unatosha kukitia kutu.

3. Chungu cha Wakisi. Vinafinyangwa na akina mama wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, na mnada wake ni Jumamosi pale Lyulilo, jirani na Matema. Kigonge kwa kifundo cha kidole: kikilia wazi ni kizima, sauti ikiwa butu kuna ufa hata kama huuoni. Kianzishe kwa moto mdogo, na maji ya kuongeza yawe ya moto, kwani ya baridi hukipasua. Nimekiweka cha tatu kwa sababu ya safari tu. Pikipiki na barabara ya vumbi havikipendi. Mkilala Matema kwenyewe, ndizi na nyama zipikwe humu.

4. Sufuria ya presha. Kwa hesabu ya mwinuko ingekuwa juu kabisa, maana ndani yake maji hupita nyuzi 100. Ila vishikio vya plastiki na mpira wa mfuniko havivumilii miali. Ichemshie maharage nyumbani, ubebe yaliyoiva.

5. Stenlesi nyembamba na vikaango visivyoshika. Acha. Ya kwanza inaunguza katikati, na utando wa vya pili haukutengenezewa moto wa kuni.

Sufuria zetu nyingi hazina mikono, kwa hiyo ongeza vitambaa viwili vizito vya pamba. Vya nailoni vinayeyukia kiganjani.