Hita ya Maji ya Bafuni: Ipi Ununue, na Ikigoma Uanzie Wapi

Kabla hujauliza bei ya hita, muulize mwenye duka kama koili yake, ule waya unaochemsha maji, inauzwa peke yake. Akikuonyesha koili ya chapa ileile ikiwa ndani ya pakiti yake, endeleeni kuzungumza. Akikujibu "hii haiharibiki kabisa, dada", toka dukani. Hita zote huharibika, na ukiwa na povu kichwani asubuhi ya Julai, utataka ile ambayo fundi wa mtaani kwenu anaijua na spea yake ipo duka la jirani.

Kwa hiyo nimezipanga kwa urahisi wa kuzitengeneza, halafu usalama, halafu gharama za kila mwezi. Bei ya dukani nimeiweka mwisho makusudi. Na ninaongea na watu wa baridi ya kweli: Mbeya, Njombe, Iringa, Lushoto, Arusha, na wenzetu wa Nairobi na Limuru. Wa Dar na Mombasa mnaweza kuchemsha birika la mgeni mkaendelea na maisha.

Nafasi ya kwanza: shawa ya umeme ya papo kwa papo

Ni ile inayofungwa pale pale kwenye kichwa cha shawa. Lorenzetti ya Brazil ndiyo iliyozoeleka, na zipo nyingine nyingi za umbo kama lake. Nimeipa nafasi ya kwanza kwa sababu ndani yake hamna mengi: koili, kiwambo cha mpira kinachosukumwa na maji, na vidude vya kuunganisha umeme. Koili ikiungua, fundi anafungua kifuniko, anatoa ya zamani, anaweka mpya, na jioni unaoga.

Ila usiinunue bila kununua na waya wake. Nyingi zinakula wati 5,500 hivi, ambazo kwa volti 230 ni ampea 24. Plagi ya kawaida ya ukutani ni ya ampea 13, na waya wa soketi nyumba nyingi ni wa milimita 2.5. Fundi akikuambia "tutaiunga hapo hapo kwenye soketi", mlipe nauli yake arudi. Shawa inataka laini yake yenyewe kutoka kwenye bodi ya umeme, waya wa milimita 6, breka ya ampea 32, na swichi ya ampea 45 inayokata nyaya zote mbili, ikiwekwa nje ya bafu. Unganisho lililolegea au waya mwembamba ndiyo sababu ya zile plastiki zilizoyeyuka tunazozilaumu kuwa "feki". Mara nyingi shawa haina kosa.

La pili ni ethi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Koili za shawa nyingi ziko uchi ndani ya maji, na maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi kuliko maji laini. Kama unatumia maji ya kisima, hasa Dodoma na Singida, nunua aina iliyoandikwa kuwa ni ya maji ya chumvi, ambayo koili yake imefunikwa. Inagharimu zaidi, lipa tu. Na popote ulipo, dai breka inayokata umeme unapovuja, ile yenye kitufe cha kujaribia. Ukigusa koki ukahisi kutekenywa, zima swichi na usioge humo mpaka ethi ipimwe. Kuvaa kandambili si ufumbuzi.

Sasa lalamiko kubwa: "haichemshi." Piga hesabu. Wati 5,500 zinaweza kupandisha joto la lita 4 kwa dakika kwa nyuzi 20 hivi. Maji ya Njombe asubuhi yanahitaji kupandishwa nyuzi 25 au zaidi, kwa hiyo utapata kama lita 3. Punguza koki, maji yatakuwa ya moto. Yasipopata moto kabisa na koili ni nzima, tazama tenki: likiwa chini ya mita moja juu ya shawa, presha haitoshi kusukuma kile kiwambo na umeme hauungani. Mita mbili ni salama zaidi. Halafu fungua kichujio cha matundu ukisafishe kwa siki au ndimu; chokaa inayoganda pale hupunguza maji, na koili inayokosa maji ya kutosha haikawii kuungua.

Kuhusu luku: mtu mmoja akioga dakika 8 anatumia uniti 0.7 hivi. Familia ya watu watano inamaliza karibu uniti 110 kwa mwezi kwa kuoga tu mara moja kwa siku. Kama uko kundi la D1 la TANESCO, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, shawa hii itakuvusha huko, na kila uniti inayozidi utaisikia mfukoni. Ndiyo maana mwenye nyumba yake na watoto wengi namshauri aruke nafasi hii aende ya pili.

Nafasi ya pili: hita ya jua

Mpangaji, hii si yako. Paa si lako. Mwenye nyumba, hii ndiyo inayolipa kwa muda mrefu. Kenya ilikwenda mbali hadi kutunga kanuni mwaka 2012 zilizotaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yafungiwe hita za jua.

Ya mirija ya vioo ni nafuu kuliko ya bapa, ile yenye paneli moja pana, na ina uzuri wake: mrija ukipasuka unabadilisha huo mmoja. Ubaya ni kwamba mmoja ukipasuka maji yote yanamwagika, kwa hiyo siku ya kununua chukua mirija miwili ya akiba na mipira yake ya kuzuia maji. Tenki la maji baridi lazima likae juu kuliko tangi la hita, na hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu.

Tena sikiliza, wewe unayeishi kwenye mgao wa maji. Maji yakikatika mirija ikabaki mitupu juani, usifungulie maji yakirudi saa saba mchana. Kioo kilichopata moto kikikutana na maji baridi kinapasuka. Subiri jioni. Na dai tangi lenye koili ya umeme ya akiba, kwani Juni na Julai mawingu ya nyanda za juu hayakuombi ruhusa.

Nafasi ya tatu: hita ya gesi

Umeme ukikatika inaendelea kufanya kazi, na haichagui kundi la luku. Bafu moja la dakika 8 linatumia gesi ya gramu 100 hivi, maana yake mtungi wa kilo 15 unatoa kama mabafu 150, toa ya kupikia. Isipowaka, anza na betri zake mbili kubwa, kisha chujio dogo pale maji yanapoingilia. Nusu ya "ubovu" unaishia hapo.

Imeshuka hadi ya tatu kwa sababu moja: kaboni monoksidi, gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani. Haina harufu. Hita ifungwe nje, ukuta wa nyuma wa bafu, na bomba lake la moshi lisizibwe. Muuzaji akikuambia inakaa bafuni "mradi dirisha lipo", usimsikilize.

Nafasi ya mwisho: tangi la umeme

Lita 50 kutoka nyuzi 20 hadi 60 zinataka uniti 2.3, na koili ya wati 1,500 itachukua saa moja na nusu. Ukisahau swichi, linachemsha tena na tena bila mtu kuoga. Linafaa gesti, au nyumba yenye bafu na sinki kadhaa zinazotaka maji moto kwa pamoja. Likitoboka limekufa, maana ndani lina mipako ambayo kuchomelea huiharibu. Ukilinunua hata hivyo, kila baada ya miaka miwili fundi achomoe kile kijiti cha magnesiamu kinacholiwa na kutu badala ya tangi, na kikiisha akibadilishe.

Na ile valvu ndogo ya usalama inayodondosha maji tangi linapochemka iache idondoshe. Maji yakipashwa moto hutanuka, na lita 50 hutoa karibu robo tatu ya lita. Nimeona imezibwa kwa kijiti na kufungwa kwa mpira wa baiskeli. Kidhibiti joto kikikwama siku hiyo, tangi halina pa kupumulia na linaweza kupasuka. Funga mpira mwembamba kutoka kwenye valvu hadi kwenye shimo la maji machafu, mdomo wake ukiwa wazi.