Mikesha mitano na Sanremo, kutoka Malindi

Nimehudumu mezani katika hoteli za Malindi miaka kumi na minne, na Kiitaliano changu nimekiokota humo humo, baina ya sahani na bili. Kwa hivyo jina la Sanremo, tamasha la mashindano ya nyimbo la Italia, si geni kwangu. Kila Februari wageni wenye umri mkubwa huanza kubishana mwaka huu ataimba nani, nani kavaa nini, nani kaonewa. Lakini kulitazama tamasha lenyewe tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, siku zote tano, sikuwahi kufanya hadi mwaka 2025. Lilikuwa toleo la 75, kuanzia tarehe 11 hadi 15 Februari. Nilitazama kwa jirani, mama mmoja wa Kiitaliano anayeishi upande wa Casuarina, ambaye dishi lake linashika chaneli ya Rai, shirika la utangazaji la Italia, kwa ajili ya Waitaliano walio ng'ambo. Dada yangu nilikwenda naye.

Sanremo yenyewe ni mji wa pwani wa Liguria, Italia, karibu na mpaka wa Ufaransa. Una kasino, hoteli za kizamani na mashamba ya maua. Mwaka 1951, vita vikiwa havijasahaulika na wageni wakitafutwa kwa kila njia, waliandaa mashindano ya nyimbo ndani ya kasino. Waimbaji walikuwa wachache mno, wakagawana nyimbo 20, watu wakiwasikiliza wakiwa wamekaa mezani, na kwingineko Italia ikasikiliza redioni. Nilla Pizzi alishinda kwa wimbo wa kushukuru kwa maua. Runinga iliingia mwaka 1955, na tangu 1977, ukiondoa mwaka 1990, shughuli hufanyika ukumbi wa Teatro Ariston. Mtu wa Malindi habari hii humwingia mara moja. Sisi twajua Mei ilivyo, kusi ikivuma, hoteli zimefunga, wahudumu tumerudi majumbani kungojea Julai. Wenzetu waliutafutia mji wao watu kwa nyimbo, na hadi leo ikifika wiki hiyo chumba Sanremo hakipatikani.

Sasa nieleze nilichokiona.

Kwanza, ni refu. Kwa saa zetu lilianza saa nne na dakika 40 usiku, na siku ya kwanza tulitoka pale saa tisa imepita, mimi nikiwa na zamu ya kiamsha kinywa. Waimbaji wa kushindana walikuwa 29, na usiku wa kwanza walipanda wote. Carlo Conti, mwongozaji wa mwaka huo, alishaliongoza tamasha hili kuanzia 2015 hadi 2017, na ukimwona unajua kwamba anaijua kazi. Hapotezi muda, mzaha wake mfupi, anamwita mwimbaji na kumpisha. Jirani alisema miaka iliyotangulia mambo yalikuwa yakiburutwa hadi karibu na kucha. Kama ni kweli, basi namshukuru Conti kwa niaba ya kila mtu anayeamka mapema.

Kilichonifunga pale kitini ni okestra. Kila wimbo, hata wa kijana wa rapu aliyezoea kuimbia kompyuta, hupigwa na okestra nzima iliyokaa mbele ya jukwaa, papo hapo. Na kabla ya kuanza, mwongozaji hutaja watunzi wa wimbo kwa majina, kisha humtaja atakayeiongoza okestra, naye huinama kusalimu watu. Kila wimbo, kila usiku. Mimi nimelelewa na taarab, mjomba wangu alikuwa mpiga fidla harusini, na sikumbuki hata siku moja mshereheshaji kumtaja. Bi harusi alijua jina la mwimbaji basi. Nilipowaona wale waongozaji wa okestra wakitajwa mmoja mmoja mbele ya nchi nzima, nilimfikiria mjomba sana. Laiti vituo vyetu vingeiga jambo hili peke yake, kabla ya taa na moshi.

Pana jingine linalofanana na kwetu. Kwetu mwimbaji akikuna moyo hutunzwa, mtu huinuka na noti yake akacheza taratibu mpaka mbele. Kule mwimbaji hupewa shada la maua ya Sanremo. Dada yangu aliona maua ni tunzo dogo kwa mtu aliyeteremka ngazi zile ndefu za jukwaani na viatu vya visigino virefu huku Italia yote inamwangalia miguu. Mimi nililipenda.

Wimbo nitakaoubeba ni wa Simone Cristicchi, Quando sarai piccola, yaani utakapokuwa mdogo. Mtoto anazungumza na mama yake aliyezeeka, akili inamrudisha utotoni, na mtoto anamuahidi kumfanyia yale yote ambayo mama alimfanyia yeye. Nilikuwa namtafsiria dada kwa sauti ya chini, mstari baada ya mstari, mpaka nikashindwa kuendelea. Bibi yetu aliyetulea alituita kwa majina ya ndugu zake waliokwisha kufa, miaka miwili kabla ya kutuaga, na dada ndiye aliyekuwa akimwogesha. Hakuna aliyesema neno mle sebuleni. Kule Ariston watu walisimama kumpigia makofi. Cristicchi alimaliza wa tano. Kwangu alikuwa wa kwanza, na wala sijabadilisha mawazo.

Mshindi alikuwa Olly, kijana wa Genova, na sina ugomvi naye, wimbo wake unashika. Ila nilitamani kombe limwendee Lucio Corsi aliyekuwa wa pili: uso kaupaka nyeupe, gitaa mkononi, anaimba kwamba alitaka kuwa mtu mgumu na hakuweza. Usiku wa Ijumaa, ambapo kila mshindani huimba wimbo wa zamani pamoja na mgeni wake, Corsi alikuja na Topo Gigio, yule panya wa kikaragosi ambaye Waitaliano wamekua naye tangu utotoni. Wakaimba ule wimbo wa Domenico Modugno ulioshinda hapo hapo Sanremo mwaka 1958, unaojulikana duniani kote kwa kiitikio chake, Volare. Jirani yetu, mtu mzima wa miaka sabini na kitu, aliinuka akafungua mikono kama alivyofanya Modugno siku ile. Sisi wa hoteli tunaujua wimbo huo mpaka umetuchosha, maana kila bendi ya bwawani huupiga. Usiku ule niliusikia kama mara ya kwanza.

Yasiyonipendeza yapo. Matangazo ya biashara ni mengi, na hukatiza pale pale unapoanza kuzama. Pia sisi tulio nje ya Italia hatuwezi kupiga kura. Siku ya fainali kura za watu ni asilimia 34, zilizobaki ni za waandishi wa habari na watu wa redio, kwa hivyo hata Muitaliano aliyeko kwao hana kauli ya mwisho. Na bahari, jamani, bahari inaonekana kidogo sana! Kuna meli ya kitalii iliyotia nanga mbele ya mji na mara moja moja kamera huenda huko kwa muziki, kisha inarudi ndani. Mji wenye pwani nzuri hivyo ningependa kuuona mchana, wavuvi, soko la maua, ngalawa zao. Alhamisi stima ilipotea mtaani karibu saa mbili nzima, kwa hivyo Duran Duran, waliokuwa wageni wa usiku huo, siwezi kuwasemea.

Asiyejua Kiitaliano atafaidi? Dada yangu anajua ciao na grazie tu, na alikuja usiku zote tano. Lakini mtafute wa kukutafsiria, hata wa kukuambia maana ya kiitikio tu, kwa sababu nyimbo hizi zimejengwa juu ya maneno. Na kama kazi haikuruhusu kukesha zaidi ya mara moja, chagua Ijumaa. Lala mchana, pika kahawa ya tangawizi ya kutosha birika, na usiwashe simu.