GIMP ikikorofisha: Reset ipi inaponya nini

GIMP ni programu ya bure ya kuhariri picha, na kwa mabango, kadi za harusi na picha za pasipoti inatosha kabisa. Kasoro yake ni kwamba haisahau: hata ulichokigusa kwa bahati mbaya jana, leo unakikuta.

Kwanza bonyeza Ctrl+Shift+A, uondoe uchaguzi wowote uliopo kwenye picha. Brashi isiyopaka mara nyingi haina ugonjwa wowote; kipande kidogo cha picha kimechaguliwa, na rangi haitoki nje yake. Paneli zote zikitoweka, bonyeza Tab.

Shida ikibaki, wengi hukimbilia Edit, Preferences, wakabofya Reset, wakafungua programu upya, na brashi ikawa vilevile. Si ajabu. Kitufe hicho hushughulikia faili la gimprc tu, yaani mipangilio ya jumla. Ukubwa na ukolevu wa brashi hukaa kwenye folda ya tool-options, na mpangilio wa paneli kwenye sessionrc. Vyote viwili vina vitufe vyao humohumo Preferences, kimoja ukurasa wa Tool Options, kingine Window Management. Photoshop hapa inashinda: shikilia Ctrl+Alt+Shift inapofunguka, kubali kufuta faili la mipangilio, basi.

Ikiwa ni zana moja tu inayosumbua, usiguse mengine. Chini ya paneli ya Tool Options kuna vitufe vinne. Cha mwisho kulia huirudisha zana hiyo peke yake, na ukikibofya huku umeshikilia Shift, zana zote.

Dawa kali ni hii. Funga GIMP, bonyeza Windows+R, andika %APPDATA%\GIMP, kisha folda yenye namba ya toleo lako, mfano 3.0, uiite 3.0-zamani. Usiifute, brashi zako zimo. Mtego uko hapa: folda ya 2.10 ikiwa bado ipo pembeni, GIMP hudhani umetoka kuhamia toleo jipya, hunakili mipangilio ya huko, na ukorofi uliokuja nayo unarudi. Nayo ibadilishe jina.

Ikifunguka salama, rudisha kutoka 3.0-zamani yaliyomo kwenye folda za brushes na patterns. Acha faili za sessionrc, toolrc (mpangilio wa zana) na gimprc hukohuko. Plug-ins, yaani programu ndogo za nyongeza, ziwe za mwisho, mojamoja, huku ukifungua programu kila mara. Zilizoandikwa kwa ajili ya 2.10 hazifanyi kazi kwenye 3.0, hizo usihangaike nazo.