FTP au SFTP: upakie faili za tovuti kwa njia ipi?

FTP, itifaki (kanuni za mawasiliano) ya kuhamisha faili kati ya kompyuta yako na seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, ni mkongwe. Maelezo yake ya kwanza yaliandikwa mwaka 1971, mtandao ukiwa bado wa watu wachache, ndiyo maana hutuma jina na nenosiri lako waziwazi. Anayechungulia Wi-Fi mnayotumia pamoja anaweza kuyasoma kama unavyosoma sentensi hii.

SFTP, licha ya majina kufanana, si FTP iliyotiwa kufuli. Ni itifaki nyingine kabisa, inayopita ndani ya SSH (njia salama ya kuunganisha na kompyuta ya mbali), kwa kawaida poti 22 (poti ni mlango wa mtandao wenye namba), na kila kitu husafiri kikiwa kimesimbwa. Tena hutumia muunganisho mmoja tu. FTP huhitaji miwili: poti 21 kwa amri, na mwingine kwa data. Huo wa pili ndio hukwama kwenye ngome ya mtandao (firewall): umeingia vizuri, lakini orodha ya faili haitokei ng'o!

Kwa kasi, FTP huweza kutangulia kidogo. Mimi sijaona faida yake.

FileZilla, programu ya kuhamisha faili, inazijua zote mbili, kwa hiyo kuhama ni kubadili itifaki na poti, mradi seva inaikubali SFTP. Mara ya kwanza utaulizwa kama unauamini ufunguo wa seva, yaani kitambulisho chake. Ulinganishe na uliopewa na mwenye seva, usibonyeze tu.